Niliyoyasoma kuhusu tiba za kamari nilipokuwa nikimtafutia mdogo wangu njia

Daftari lilikuwa la kurasa 96, la jalada la buluu, sawa na yale ambayo wanafunzi wangu huandikia insha. Nililikuta chini ya kiti cha tuktuk ya mdogo wangu mwezi wa Februari, nilipokuwa nikitafuta kitambaa cha kufutia kioo. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari minne kwa rula, na katikati ya mistari hiyo zilipangwa nambari kwa mwandiko safi kuliko ule aliokuwa nao shuleni: 1.02, 3.47, 1.88, 12.10, 1.00. Zilikuwa nambari za ule mchezo wa ndege wa kwenye simu, ambamo ndege hupaa huku dau likiongezeka, kisha hutoweka ghafla, na asiyekuwa ametoa pesa zake kabla haijatoweka hubaki mikono mitupu. Alikuwa amezinakili kwa miezi saba, akiamini kwamba zina mpangilio, na kwamba siku atakapoutambua atalipa madeni yake yote kwa usiku mmoja.

Madeni yenyewe tuliyajua jioni hiyo hiyo, tulipoketi mezani kwangu, mtaa wa Manyatta hapa Kisumu, yeye, mkewe na mimi. Hesabu ya mwenye tuktuk ilikuwa haijapelekwa kwa siku 11. Zilikuwapo shilingi 38,000 za chama ambacho yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wake, karo ya muhula ya binti yake, na mikopo ya simu ya kampuni nne, ambayo alikuwa akilipa mmoja kwa kukopa mwingine. Shemeji hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kama kuna deni jingine ambalo hajalitaja, naye akalitaja.

Ushauri wa jamaa haukukosekana. Mama alitaka aombewe. Baba mdogo alitaka arudishwe nyumbani Ugenya akalime mpaka akili itulie. Rafiki yangu mmoja alinipa nambari ya kituo cha kurekebisha waraibu ambacho ada yake ya mwezi inazidi mshahara wangu. Kwa kuwa mlipaji ni mimi, na uwezo wangu ni wa mwalimu, nilitaka kujua ni tiba ipi imepimwa ikaonekana kufaa, na inafaa kwa kiasi gani, kabla sijatoa hata shilingi moja. Nimesoma kwa miezi kadhaa, usiku baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi leo mahali nilipoketi mimi Februari. Si wachache: mwaka wa 2017 kampuni ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi sita za Afrika kama wamewahi kucheza kamari, na Kenya ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 76.

Jambo la kwanza lililonituliza ni kujua kwamba wataalamu waliacha zamani kuliona tatizo hili kuwa tabia mbaya tu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kililiingiza katika mwongozo wake wa utambuzi mwaka wa 1980, na katika toleo la 2013 kikalihamisha na kuliweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Toleo hilo lina dalili 9, na mtu mwenye 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa mgonjwa. Nilimsomea mdogo wangu zote 9 kwa Kiswahili changu mwenyewe, naye akazikubali 7. Iliyomchukua muda mrefu kuikubali ni ile ya kurudi siku inayofuata kufukuzia pesa zilizopotea, kwa sababu hakuwahi kuiona kuwa dalili ya ugonjwa. Aliiona kuwa ndiyo akili yenyewe, kwamba ni mjinga tu anayeacha pesa zake zikae mahali alipozipoteza.

Tiba iliyochunguzwa kuliko zote ni tiba ya utambuzi na tabia. Humfundisha mtu kuyanasa mawazo yanayompeleka kwenye dau, kuyapima kama yana ukweli, na kubadilisha mazoea yanayoizunguka kamari yake: saa, mahali, watu, pesa zilizo mkononi. Nchini Kanada, Robert Ladouceur na wenzake waliwatibu wacheza kamari kwa kukazia wazo moja kubwa, kwamba tokeo lililopita halina habari yoyote ya tokeo lijalo. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka wa 2001, lenye watu 66, asilimia 86 ya waliotibiwa hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa tiba ilipokwisha.

Wazo hilo niliona likifanya kazi kwa macho yangu. Mshauri nasaha tuliyempata ni mama aliyestaafu uuguzi, ambaye hupokea watu katika chumba kimoja karibu na soko la Kibuye. Kabla ya lolote alimwuliza mdogo wangu waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, akangoja jibu bila kuondoa macho yake kwake. Baada ya hapo ndipo alipoomba daftari. Alifungua ukurasa wa katikati, akafunika safu kwa kiganja, akamwachia aone nambari tano za juu na kumwuliza ya sita itakuwa chini ya 2 au itafika 2 na kupita. Mdogo wangu alitazama, akakunja uso, akajibu kwa uhakika wa fundi. Walifanya hivyo mara 20, na yeye akapata mara 9. Kisha yule mama alitoa sarafu ya shilingi kumi, akaamua upande mmoja uwe jibu la chini na wa pili uwe la juu, akairusha mara 20 kwa safu ileile. Sarafu ilipata mara 11.

Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia wachuuzi wa mitumba wakiita bei nje. Mdogo wangu akasema, "Mama, sasa miezi saba hii nimekuwa nikiandika nini?" Yule mama akamjibu, "Umekuwa ukiandika hasara zako, mwanangu, ila hukuziwekea tarehe. Chukua kalamu tuziwekee." Wakatumia saa nzima iliyobaki wakiandika, pembeni mwa kila ukurasa, kiasi alichoweka usiku ule kadiri alivyoweza kukumbuka na kadiri ujumbe wa M-Pesa ulivyoonyesha.

Kwa hiyo mtu asidhani ninaidharau tiba hii nitakaposema kwamba ushahidi wake una kikomo. Mwaka wa 2012 Sean Cowlishaw na wenzake walichapisha, chini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, mapitio ya majaribio 14 yenye watu 1,245. Walikuta kwamba tiba ya utambuzi na tabia ina manufaa ya wastani hadi makubwa sana, ikipimwa tangu tiba inapokwisha hadi miezi mitatu baadaye. Zaidi ya hapo karibu hapakuwa na kitu cha kupima: lilibaki jaribio moja tu lililowafuata watu hadi kati ya mwezi wa 9 na wa 12, na tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo, isiyotosha kuthibitisha jambo. Mwaka wa 2023 Rory Pfund na wenzake walikusanya majaribio mengi zaidi, 29, yenye watu 3,991, wakathibitisha kwamba tiba hii hupunguza ukali wa tatizo pale inapokwisha, lakini wakaonya pia kwamba ukubwa wa manufaa yanayotajwa huenda umetiwa chumvi na namna majaribio yenyewe yalivyopangwa.

Hapo panahitaji kuelezwa, kwa sababu ndipo mlipaji anapoweza kudanganyika. Katika majaribio mengi, watu hugawanywa kwa kura: hawa wanatibiwa sasa, wale wanawekwa kwenye orodha ya kungojea. Mtu anayengoja amekwisha kuambiwa kwamba msaada wake unakuja, hivyo huenda asijitahidi hata kidogo katika wiki hizo, na tiba yoyote ikilinganishwa na mtu aliyekaa tu itaonekana kubwa. Tena, wanaongoja hatimaye hutibiwa nao, kwa hiyo baada ya miezi michache hakuna tena wa kulinganishwa naye. Ndiyo maana tunajua mengi kuhusu mwezi wa tatu na machache kuhusu mwezi wa kumi na mbili, ingawa familia huishi katika mwezi wa kumi na mbili.

Jambo jingine ni wanaoacha njiani. Mapitio ya mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 14 na 50 ya wanaoanza tiba ya kisaikolojia ya kamari hawaimalizi, ikitegemea jaribio. Mdogo wangu alitaka kuacha baada ya kikao cha tatu. Hakuwa amechoka na mazungumzo. Siku hiyo alikuwa ameshikwa na mwenye tuktuk mbele ya abiria, akaona haya, na mtu mwenye haya huona kila mlango kuwa ni wa kumhukumu.

Majaribio yaliyonifaa zaidi ni yale yaliyopambanisha tiba na tiba. La kwanza ni la Nancy Petry na wenzake wa Connecticut, Marekani, lililochapishwa mwaka wa 2006. Watu 231 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Wote waliambiwa waende kwenye mikutano ya Gamblers Anonymous, ushirika wa wacheza kamari wanaotegemezana, ulioanzishwa Los Angeles mwaka wa 1957. Kundi la kwanza halikupewa zaidi ya hapo. La pili lilipewa pia kitabu cha mazoezi ya tiba ya utambuzi na tabia wakayafanye wenyewe. La tatu lilipewa vikao 8 vya mazoezi yaleyale pamoja na mtaalamu, ana kwa ana. Waliopata mazoezi walipunguza kamari kuliko walioelekezwa mikutanoni tu, na waliokaa na mtaalamu walifaidi kuliko waliopewa kitabu. Lakini kilichonishika ni kwamba waliofanya mazoezi mengi zaidi, na waliohudhuria mikutano, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuacha kabisa. Mtaalamu, kwa maoni yangu, alikuwa na kazi mbili, kufundisha na kuhakikisha kwamba somo linafanywa, na mimi kama mwalimu siwezi kushangazwa na hilo.

La pili ni la Per Carlbring na wenzake nchini Uswidi, mwaka wa 2010. Watu 150 waligawanywa: wengine wapate vikao 8 vya tiba ya utambuzi na tabia katika kikundi, wengine vikao 4 vya mazungumzo ya kuamsha nia, ambayo mtaalamu humsikiliza mtu na kumsaidia aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini anataka kubadilika, bila kumhubiria. Tiba zote mbili ziliwashinda walioachwa wangoje. Kati ya hizo mbili, hakuna iliyoishinda nyingine. Vikao 4 na vikao 8 vilifika mahali pamoja.

Nilipofika hapo nilianza kuamini jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza kusoma, nami naliandika wazi: tofauti kati ya tiba moja nzuri na nyingine ni ndogo kuliko tofauti kati ya kuanza na kutoanza, na ndogo kuliko tofauti kati ya kumaliza na kuacha njiani. Kwa mtu wa Kisumu mwenye pesa kidogo hii ni habari njema, kwa sababu humwondolea hofu ya kwamba asipopata ile tiba ya bei kubwa basi hakuna analofanya.

Ushahidi wa tiba fupi ulinipa moyo kuliko nilivyodhani. David Hodgins na wenzake, huko Calgary, Kanada, waliwapa watu kitabu cha kujisaidia kwa posta, na baadhi yao wakapigiwa simu kwanza, mazungumzo ya kuamsha nia ya dakika 20 hadi 45. Simu moja. Jaribio lilichapishwa mwaka wa 2001, na walipowafuatilia tena baada ya miaka miwili, waliopigiwa simu walikuwa wakicheza siku chache na kupoteza pesa kidogo kuliko waliopewa kitabu peke yake. Petry naye, mwaka wa 2008, alichapisha jaribio la watu 180 ambalo kundi moja lilipimwa tu, jingine likapewa ushauri wa dakika 10, jingine kikao kimoja cha kuamsha nia, na la mwisho kikao hicho na vikao vitatu vya utambuzi na tabia. Katika wiki ya sita, walioonekana wazi kupunguza kamari kuliko waliopimwa tu ni wale wa dakika 10. Katika dakika hizo waliambiwa kamari yao imesimama wapi ikilinganishwa na ya watu wengine, wakaelezwa hatari yake, wakapewa mambo manne ya kufanya: kupunguza pesa, kupunguza muda, kuacha kuihesabu kamari kuwa njia ya kupata riziki, na kutafuta la kufanya saa zile walizozoea kucheza.

Sisemi kwamba dakika 10 zinamtosha mtu aliyekula pesa za chama. Katika jaribio lile walikuwamo watu ambao hali yao haikuwa imefika mbali, na mdogo wangu alikuwa amefika mbali. Ninachosema ni kwamba mchungaji, muuguzi wa zahanati, au mwenyekiti wa steji ya tuktuk anayeweza kusema maneno hayo manne kwa utulivu anafanya kazi yenye ushahidi nyuma yake, na asingoje awe daktari.

Sasa nifike kwenye jaribio ambalo ndilo lililobadilisha maisha ya nyumba ya mdogo wangu. Mwaka wa 1996 Enrique Echeburúa na wenzake wa Uhispania walichapisha matokeo ya watu 64 waliokuwa watumwa wa mashine za kamari. Kundi moja lilipewa tiba ya mtu mmoja mmoja ya kudhibiti vichocheo na kukabili vishawishi: kwanza pesa zinaondolewa mikononi mwa mgonjwa na njia zinazopita penye mashine zinaepukwa, kisha pole pole mgonjwa anarudishwa mbele ya mashine, akiwa na pesa mfukoni, na kukaa hapo bila kucheza mpaka hamu ipungue yenyewe. Kundi la pili lilipata tiba ya mawazo katika kikundi, la tatu likachanganya zote mbili, na la nne likaachwa lingoje. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 69 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha, au wameteleza mara moja au mbili tu, huku makundi mengine mawili yaliyotibiwa yakiwa na asilimia 38 kila moja. Makundi yalikuwa madogo, ya watu 16, kwa hiyo 69 ni watu 11 na 38 ni watu 6. Tena kundi moja lilitibiwa mmoja mmoja na jingine kwa pamoja, na haiwezekani kujua ni kipi kilichofanya kazi. Hata hivyo ni jaribio lililofika mwaka mmoja, na linasema jambo ambalo kila mama wa Kisumu angelisema bila kusoma, kwamba kabla hujabishana na mawazo ya mtu, mwondolee kwanza pesa mkononi.

Ugumu ni kwamba mashine ya yule Mhispania ilikuwa imesimama kwenye baa, na angeweza kupita barabara nyingine. Simu ya mdogo wangu ni mashine, ni benki, ni mkopeshaji, na ndiyo anayolipwa nayo na abiria. Hakuna barabara nyingine ya kupita. Kwa hiyo tulifanya hivi. Simu yake kubwa iliuzwa, akanunuliwa kabambe, simu ndogo isiyoweza kufungua michezo hiyo. Laini yake ya M-Pesa ilikabidhiwa mkewe, na mkewe akabadilisha nambari ya siri. Aliandikia kampuni za kamari akaomba akaunti zake zifungwe. Abiria hulipa kwa nambari ya shemeji, naye kila asubuhi humpa pesa za mafuta na za chakula, taslimu, na jioni wanaketi pamoja kuhesabu.

Sitaki mtu asome hayo haraka na kuyaona mepesi. Wiki ya kwanza nilipanda tuktuk yake kutoka Kondele hadi Oile. Abiria mmoja, kijana wa rika lake, alipofika alitoa simu na kuuliza, "Nitume kwa namba gani?" Mdogo wangu akataja nambari ya mkewe. Jina lilipotokea kwenye simu kijana akacheka, akasema, "Wee, kumbe bibi ndiye mdosi?" Mdogo wangu alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, akajibu, "Ndiye." Nilitamani kumjibu yule kijana kwa maneno makali, lakini nilinyamaza kwa sababu mwenye jibu alikuwa amekwisha kulitoa. Hayo ndiyo yaliyofichwa ndani ya maneno makavu ya kudhibiti vichocheo, na watafiti wangefanya vizuri kuhesabu pia ni mara ngapi kwa siku mtu anatakiwa kuyavumilia.

Hatua ya pili, ya kukabili vishawishi, yule mama mshauri aliianzisha mwezi wa Mei. Jumamosi moja alimtaka akae steji saa nzima wenzake wakitazama mechi za Uingereza na kupanga mikeka ya dau, akiwa na shilingi 200 mfukoni na bila kuondoka. Alirudi akasema kwamba dakika 20 za kwanza zilikuwa mbaya, mkono wake ukishika noti kila baada ya muda, na kwamba kufikia mapumziko alikuwa akitazama mpira tu. Walirudia mara tano. Katikati ya hayo aliteleza: aliazima simu ya mwenzake akaweka shilingi 500 kwenye mchezo wa ndege, zikaenda. Alikuja mwenyewe kusema. Mshauri hakumkemea, aliomba daftari na kumwambia aandike saa, mahali, aliyemwazima simu, na wazo lililokuja kabla. Wazo lilikuwa kwamba baada ya wiki sita bila kucheza, bahati itakuwa imejikusanya.

Kuhusu mikutano ya Gamblers Anonymous nitasema kifupi. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka wa 1988 ulionyesha kwamba karibu watu 8 tu katika kila 100 waliofika walikuwa hawajacheza kabisa mwaka mmoja baadaye. Nambari hiyo hunukuliwa kwa ukali kuliko inavyostahili, kwa kuwa haikutokana na mgawanyo wa kura, na mtu anaweza kupunguza kamari kwa kiasi kikubwa bila kuacha kabisa. Mbali na hayo, mazoezi na mikutano vilikwenda vizuri pamoja katika jaribio la Petry. Mimi sikupata mkutano ambao mdogo wangu angeweza kuufikia, hivyo ombi la Mama lilitimizwa kwa njia nyingine: wanaume wanne wa kanisa lake hukutana naye kila Alhamisi. Sina ushahidi wa kisayansi wa Alhamisi hizo, ila najua kwamba ndiyo siku asiyokosa.

Niongeze pia kwamba wapo wanaopona bila mtaalamu. Wendy Slutske, alipochambua tafiti mbili za kitaifa za Marekani mwaka wa 2006, alikuta kwamba karibu theluthi moja ya waliowahi kuwa wagonjwa wa kamari walikuwa wamepona, wengi wao bila tiba, na kwamba waliowahi kutafuta tiba walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Baba mdogo alipolisikia hili alifurahi, akidhani limemuunga mkono kuhusu shamba la Ugenya. Nilimkumbusha kwamba theluthi mbili hawakuwa wamepona.

Uingereza ilitoa mwongozo wake wa kitaifa wa tiba ya kamari Januari 2025. Unapendekeza tiba ya utambuzi na tabia, ya kikundi kwanza na ya mtu mmoja pale ya kikundi isipomfaa, mazungumzo ya kuamsha nia, na dawa ya naltreksoni kwa wale ambao tiba ya mazungumzo haikuwatosha. Nimeuona kuwa wa busara. Lakini umeandikwa kwa nchi yenye kliniki za umma za kamari, na mimi nilihitaji kujua kama tiba ya mazungumzo inaweza kutolewa hapa kwetu na mtu asiye daktari wa akili, ikafaa.

Jibu nililipata karibu na nyumbani. Mwaka wa 2021 lilichapishwa jaribio lililofanyika hapa Kisumu, ambamo wanawake 256 wenye virusi vya Ukimwi waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na waliokuwa na sonona pamoja na msongo wa baada ya kiwewe, waligawanywa kwa kura. Waliotibiwa walipata tiba ya mazungumzo inayohusu mahusiano ya mtu na watu wake, nayo ilitolewa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, si wataalamu wa magonjwa ya akili. Baada ya miezi mitatu, waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliokuwa wakipata huduma za kawaida. Ugonjwa ni mwingine na mateso ni mengine, sitaki kuyalinganisha. Ila mtu akiniambia kwamba watu wetu hawawezi kutibiwa kwa maneno mpaka aje mtaalamu kutoka mbali, nitamwambia kwamba jambo hilo limekwisha kujaribiwa katika mji huuhuu, na limewezekana. Kinachokosekana ni mtu wa kulifanya kwa ajili ya wacheza kamari, kwenye steji, kwa simu ya dakika 20, na kuwafuatilia mwaka mzima.

Vikao 8 vya mdogo wangu vilikwisha wiki ya mwisho ya Mei. Sasa ni Septemba, maana yake tumeipita ile miezi mitatu ambayo vitabu vinaifahamu vizuri. Deni la chama limebaki shilingi 9,000. Ameteleza mara mbili kwa jumla, ya pili ikiwa Julai, shilingi 100. Kwa kuwa nimejua mahali ushahidi unapokwisha, nilimwomba yule mama asituachie hapo, naye humpigia simu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, nusu saa hivi, na nimemlipa hadi Mei mwakani.

Lililobaki mezani ni laini ya M-Pesa. Mshauri anaona wakati umefika wa kumrudishia kwa wiki moja, kama yule Mhispania aliyerudishwa mbele ya mashine na pesa mfukoni, shemeji akiendelea kuona ujumbe wa kila muamala. Mdogo wangu anataka. Shemeji hajakubali, na alipoulizwa sababu alisema kwamba Oktoba karo inalipwa, basi wangoje karo ilipwe kwanza. Nimekubaliana na shemeji. Tumeandika tarehe 1 Novemba kwenye kalenda iliyo ukutani kwao, na mdogo wangu ndiye aliyeiandika.